Mzigo wa Mama Neema Nilioufungia Stesheni Osaka

Kosa ni langu peke yangu. Natanguliza hilo ili mtu asinitafutie visingizio, maana nina marafiki wengi na wote wananipenda. Hakuna aliyenishauri vibaya na hakuna shetani aliyenipitia. Nilikuwa na akili timamu, nimevaa suti, na tumbo langu lilikuwa limeshiba.

Jina langu silitaji. Wanaonijua watanitambua tu, kwa sababu katika mji wetu nyumba za ghorofa zenye vigae vya kijani ni tatu, na iliyojengwa kwa jasho la mtu mmoja, bila mjomba serikalini, ni hiyo moja.

Nilikwenda Toronto mwaka 2003 na begi moja. Nilianza kwa kupanga maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, zamu ya alfajiri. Nilikaa Rexdale, kwenye jengo refu ambalo lifti yake ilikuwa inafanya kazi ikijisikia. Wenzangu wakitoka kazini walilala. Mimi nilipanda basi la Kipling kwenda chuoni. Miaka mitatu hivyo hivyo, theluji na jua, mpaka nikapata stashahada yangu ya ugavi na usafirishaji wa mizigo. Nimeitia kwenye fremu, iko sebuleni hadi leo. Usafirishaji wa mizigo. Yashike maneno hayo.

Kufikia mwaka 2008 nilikuwa msimamizi wa zamu. Nilikuwa nimenunua gari. Na nilikuwa nimempata Neema.

Neema alikuwa muuguzi, Mtanzania mwenzangu. Tulikutana kwenye ibada ya Kiswahili iliyokuwa ikifanyika chini ya kanisa la watu wengine, Jumapili mchana, wenye kanisa wakishatoka. Alikuwa msichana wa maneno machache. Akikuuliza kitu alikutazama mpaka ujibu, na ukishajibu aliendelea kukutazama kidogo. Wakati ule nilidhani ni mapenzi.

Mama yake, tuliyemwita Mama Neema, alikuwa mjane wa Mwanza, mhudumu kwenye nyumba ya wazee pale Toronto. Alikuwa na mabinti wawili tu. Mdogo wake Neema aliitwa Rehema, na alikuwa Japani, mji wa Osaka, akifundisha Kiingereza kwa mwaka wa pili.

Mwezi wa tisa nilipeleka barua ya posa. Mambo yakafuatwa kama kwetu, ingawa tulikuwa ghorofa ya kumi na moja Rexdale. Aliyeipokea ni Baba Mdogo Petro, mdogo wa marehemu baba yake Neema, mtu wa utani mwingi lakini neno lake ndilo la mwisho. Akasema jibu litakuja. Wiki zikapita.

Halafu kazini wakaamua kununua mashine mpya za kufungia mizigo kutoka kiwanda kimoja cha Osaka, na watu wawili wakachaguliwa kwenda siku tano kujifunza kuziendesha. Wa kwanza alikuwa meneja wangu, Mkanada aliyeitwa Doug. Wa pili nilikuwa mimi. Kati ya watu wote wa ghala lile, mimi.

Niliwaambia kanisani. Nadhani niliwaambia zaidi ya mara moja.

Jumamosi kabla ya safari Mama Neema aliniita. Nikamkuta amepiga magoti sakafuni anafunga mfuko, ule wa nailoni wenye mistari ya bluu na nyekundu tunaouita shangazi kaja. Ndani kulikuwa na unga wa muhogo, jozi ya kanga, sweta, na dagaa wa Mwanza waliofungwa kwenye plastiki tatu. Hata hizo plastiki tatu hazikutosha kuzuia harufu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Huu mzigo ni wa Rehema." Akavuta zipu. "Lakini nikwambie ukweli, mzigo ni kisingizio tu. Ninachotaka ni macho yako."

"Macho yangu, mama?"

"Simu ya Rehema haipatikani wiki ya tatu sasa. Anaandika kwa kompyuta tu, kwamba hajambo, na kompyuta haina sauti. Nenda ukamtazame mwanangu. Akicheka, tazama kama anacheka kweli. Nimeshika nafasi ya ndege Jumanne, ukishakuwa umerudi. Ukiniambia yuko salama, naifuta. Ukiniambia hayuko salama, namfuata."

Nikamwambia, "Mama, hilo limekwisha."

Baba Mdogo Petro alikuwa kwenye kochi. Akacheka. "Kijana, Jumapili ukirudi uje ule hapa. Utupe habari za mtoto, na sisi tukupe jibu la barua yako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Habari za Rehema kwa jibu la posa. Mtoto mdogo angeelewa.

Neema akapanga mkutano kwa barua pepe. Rehema alichagua mahali mwenyewe: Dotonbori, juu ya daraja, Alhamisi saa kumi na moja jioni. Neema akamwandikia kwamba simu yangu ya Canada haitafanya kazi kule, kwa hiyo amtafute mtu mweusi mrefu mwenye tai nyekundu. Tai yenyewe alininunulia yeye.

Msomaji, Dotonbori sijui nikueleze vipi. Ni mtaa wa starehe kando ya mfereji, na watu wa Osaka wote huwa kama wameambiwa wakutane pale saa hiyo hiyo. Juu ya mlango wa hoteli moja kuna kaa wa bandia mkubwa kuliko pikipiki, anachezesha miguu mchana kutwa. Ng'ambo ya daraja kuna mtu wa taa, ghorofa kadhaa kwenda juu, amenyanyua mikono kama amemaliza mbio. Vijana wanakuita uingie kwao, wasichana wanakugawia vikaratasi, wapishi wanageuza vidonge vya unga vyenye pweza ndani, moshi na vicheko na muziki wa kila duka, na kila mtu anapiga picha. Nilipita katikati ya hayo kama mtu aliyezoea. Sikushangaa kitu, au nilishangaa ndani kwa ndani.

Lakini nimeruka jambo. Kabla ya kufika mtaani nilipita stesheni.

Mwenyeji wetu kiwandani, Bwana Mori, alikuwa ametualika mimi na Doug chakula cha kuagana siku hiyo hiyo ya Alhamisi, saa kumi na nusu, kwenye hoteli iliyotazamana na lile daraja. Nikaona mambo yamejipanga yenyewe. Nitakula kidogo, saa kumi na moja nitashuka dakika kumi, nitamwona Rehema, nitapanda tena. Nilitoka na mfuko chumbani kwangu nikapanda treni.

Ndani ya treni hakuna aliyesema kitu. Wajapani hawasemi kitu. Lakini mzee mmoja aligeuza pua akanitazama, akatazama shangazi kaja, akatazama suti yangu. Nikajiona kwenye kioo cha dirisha. Mtu wa stashahada, msimamizi wa zamu, amekumbatia dagaa.

Stesheni kuna makabati ya chuma ya kukodi. Unatia mzigo, unatumbukiza sarafu, unafunga, unaondoka na ufunguo. Nikaufungia mle. Nikajiambia nitamleta Rehema hapa achukue mwenyewe, ni hatua chache tu. Bado nilikuwa na nia njema. Naomba hilo liandikwe.

Tukakaa ghorofa ya pili, meza ya dirishani. Daraja lilikuwa pale chini, ungeweza kumtupia mtu ganda la karanga. Kabla hatujaagiza, mhudumu akaleta visahani vitatu vidogo, ambavyo Bwana Mori alisema ni desturi yao kufungulia meza. Nikatazama kisahani changu.

Walikuwa dagaa.

Wamekaangwa na sukari kidogo na ufuta, wamepangwa vizuri kama watoto wa shule, lakini ni dagaa, na vichwa vyao na macho yao. Bwana Mori akachukua mmoja kwa vijiti, akamla taratibu, amefumba macho. Akasema bibi yake alikuwa akiwaanika. Kisha akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Na kwenu, mna samaki hawa?"

Doug alikuwa amemshika wake mkiani, amemnyanyua juu, anacheka. "Mimi hiki nampa paka."

Nikamtazama Doug. Nikasema, "Hapana. Kwetu hatuna."

Mimi nimezaliwa Ukerewe, kisiwa cha wavuvi wa dagaa.

Saa kumi na moja kamili Rehema akatokea darajani. Sikuwahi kumwona ila kwa picha, lakini hakuhitaji kutambulishwa. Ni yeye peke yake aliyekuwa mweusi, na alikuwa amevaa skafu ya manjano aliyoifuma mama yake, yenye mashada mwishoni. Alikuwa mwembamba. Koti lilimning'inia kama la mtu mwingine. Akasimama kwenye ukingo, akaanza kutazama watu.

Nikasema moyoni, dakika tano.

Wakati huo huo Bwana Mori akaanza kunisifu. Akamwambia Doug kwamba nimeshika mashine haraka kuliko yeyote aliyewahi kumfundisha, na kwamba mtu kama mimi anafaa kusimamia maghala yote matatu ya kampuni yetu. Doug akatikisa kichwa, akasema, "Nimeliwazia hilo." Sasa wewe niambie, mtu anayesifiwa hivyo anainuka vipi? Na nikishuka, nirudi na nani? Na yule binti akisema "dagaa wangu wako wapi" mbele ya watu niliowaambia kwetu hakuna dagaa?

Nikasema dakika tano nyingine.

Mvua ikaanza. Akafungua mwavuli. Kila aliyepita alimgusa bega, akawa anasogea, anarudi palepale. Mara moja aligeuka upande wetu, nikainamia supu.

Saa kumi na mbili Bwana Mori akaniomba kamera yangu. Nilikuwa nimeinunua juzi yake, mpya kabisa, ya aina ambayo Toronto ilikuwa bado haijafika. "Simama dirishani," akasema, "upate ukumbusho wa Dotonbori." Nikasimama. Nikatabasamu. Nikanyanyua glasi.

Saa moja nilipotazama tena, pale ukingoni walikuwa wamesimama wengine.

Tuliporudi stesheni, makabati yalikuwa mkono wa kushoto na treni ilikuwa imeshafungua milango. Doug akasema, "Tuwahi." Tukawahi. Ufunguo ulibaki mfukoni mwangu.

Ijumaa nilitua Toronto nikampigia Mama Neema kabla sijachukua begi langu.

"Mama, nimemwona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya." Na hilo, ukilipima, lilikuwa kweli. Ningeishia hapo pengine leo ningekuwa na wajukuu wake. Lakini mdomo ukishafunguka. "Amenenepa, mama. Anacheka vizuri. Simu iliharibika tu. Kazini wanampenda, anasema usijisumbue, atakaa miaka miwili zaidi. Na dagaa amewafurahia mno, amewalia palepale."

 Nikasikia Mama Neema analia. "Mungu akubariki, baba. Neema!" Akawa anaita mbali na simu. "Neema, kesho asubuhi ufute ile tiketi."

Jumapili nilifika saa saba mchana, na ile tai nyekundu. Waliokuwepo ni wanne: mimi, Neema, Mama Neema na Baba Mdogo Petro. Pilau, kuku, kachumbari. Kando ya televisheni niliona bahasha yangu ya posa, na juu yake bahasha nyingine. Nikajua ni jibu, na sikuwa na wasiwasi nalo.

"Huyu sasa ni Mjapani," Baba Mdogo akaanza. "Neema, mnyang'anye kijiko, mpe penseli mbili."

"Anaweza kula hata kwa sindano za kufumia," akasema Mama Neema, anacheka. Alikuwa amependeza siku ile. Alikuwa amesuka.

Nikawasimulia. Nikawapa kaa, mtu wa taa, pweza, treni zinazofika kwa sekunde. Nikawapa na maghala matatu. Neema alikuwa anagawa chakula. Akaniuliza bila kunyanyua uso:

"Rehema alivaa nini?"

"Skafu ya manjano," nikajibu haraka, nikifurahi kwamba hilo nalijua.

"Mliongea muda gani?"

"Saa nzima. Na zaidi."

"Mkiwa mmekaa wapi?"

"Nilimpeleka hotelini. Nilimnunulia chakula."

Akanitazama kwa ile namna yake. Akasubiri. Nilimtabasamia. Akaweka kijiko mezani taratibu akasema, "Tuonyeshe picha basi."

Kamera yangu nilikuwa nayo shingoni. Nikaiunga kwenye televisheni mwenyewe, kwa waya wake, nikiwaeleza jinsi picha zake zilivyo safi hata ukizikuza. Nikapitisha kiwanda, mashine, Bwana Mori. Nikafika kwenye ile ya dirishani. Kwa kweli nilikuwa nimetoka vizuri.

"Simama hapo," akasema Mama Neema.

Akainuka. Akasogea mpaka televisheni, karibu kabisa, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya bega langu.

"Neema. Kuza hapa."

Neema akachukua kamera mkononi mwangu akakuza. Daraja likaja. Watu wakaja. Mwavuli ukaja, na chini yake skafu ya manjano yenye mashada mwishoni. Kamera ile ilikuwa nzuri kweli. Mifupa ya mashavu ya yule binti ungeweza kuihesabu.

"Huyu ndiye amenenepa?" akauliza Mama Neema.

Nikaushika waya wa kamera.

"Wewe uko ndani, unakunywa. Yeye yuko nje, ananyeshewa. Hiyo saa nzima mliongea kwa ishara?"

Baba Mdogo, ambaye sijawahi kumwona akikosa utani, alitazama sahani yake.

"Mama," akasema Neema, "aliniandikia. Niliisoma jana asubuhi, nilipofungua kompyuta nifute tiketi." Alikuwa anaongea na mama yake lakini ananitazama mimi. "Shule aliyokuwa anafundisha ilifungwa ghafla. Analala sakafuni kwa rafiki. Alikuwa anaona aibu kukuandikia, alitaka kumwambia mgeni uso kwa uso, mgeni aje akwambie. Ameandika, 'Mgeni hakunifikia, labda kazi ilimbana, msimlaumu.'" Akaiweka kamera mezani. "Tiketi sikuifuta. Nilinyamaza ili huyu aseme mwenyewe. Nimemuuliza mara tatu, mama. Umenisikia nikimuuliza."

Mama Neema akanyoosha mkono kwangu, kiganja juu. "Mzigo wangu uko wapi?"

Nikatoa ufunguo. Ulikuwa na kibati cha rangi ya machungwa chenye namba na maandishi ya kwao. Akaupokea, akaugeuza, akautia kifundoni mwa kanga yake.

Baba Mdogo akainuka, akachukua ile bahasha ya juu, akaitia mfukoni mwa koti lake. Ile ya chini, yangu, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama inavyotakiwa.

"Kula kwanza, kijana," akasema. "Chakula hakina kosa."

Nilikula. Sijui nilikula nini.

Jumanne Mama Neema alipanda ndege, mwanamke ambaye kwenda katikati ya mji tu aliomba asindikizwe. Wiki mbili baadaye nilisikia kanisani kwamba wamerudi wote wawili. Nilisikia pia kwamba stesheni walikuwa wamelifungua lile kabati siku zilipopita, wakautoa mfuko, wakaufunga upya kwa karatasi safi na kuuweka ofisini kwenye rafu. Mama alipoonyesha ufunguo, mzee wa ofisi aliuleta kwa mikono miwili akainama. Dagaa hawakupungua hata mmoja.

Maghala matatu sikupewa. Doug alimpa shemeji yake.

Neema aliolewa mwaka 2010, na mtu wa Pickering anayetengeneza mabomba. Hana stashahada.

Mimi nilirudi nyumbani 2014, nikiwa na mtaji wangu na kichwa changu, nikafungua biashara. Nina ofisi nne katika mikoa mitatu na magari saba. Kazi yenyewe ni ya kupeleka vifurushi vya watu. Ubaoni tumeandika kwamba mzigo wako utafika, na hufika, kwa sababu kila jioni napita mwenyewe rafu hadi rafu, na kijana wangu yeyote akikuta mwenye mzigo hayupo, anasema hayupo. Akidanganya, namfukuza siku hiyo hiyo. Wananiona mkali. Hawajui.

Kilichonifanya niandike ni kitu kidogo. Wiki ile Rehema aliporudi, nilikuta mlangoni kwangu Rexdale lile shangazi kaja, tupu, limekunjwa mara nne kama nguo ya pasi. Juu yake kulikuwa na pakiti ya dagaa wa Kijapani, wale wa sukari na ufuta, na karatasi yenye mwandiko nisioujua. Sikuwahi kumsomea mtu karatasi ile mpaka leo:

"Shemeji, nilikuona dirishani na tai yako. Nikasema, nisimsumbue mtu anakula. Amalize kwanza."

Ndiyo maana alisimama pale kwa muda wa saa mbili.

Basi nyie mnaosafiri, mlioko huko na mnaojiandaa kwenda, mkipewa mzigo wa mtu, fikisheni. Ukinuka, fikisheni hivyo hivyo unanuka. Ukiona aibu kuubeba, sema palepale ulipopewa, mwenye mzigo atafute mwingine. Na ukishindwa njiani, rudi useme umeshindwa, kabla mama wa watu hajafuta safari yake kwa neno lako.

Mimi pakiti ile sijaifungua. Iko sebuleni, chini ya stashahada. Wageni huniuliza ni nini, nami huwaambia ni samaki wa Japani.

"Na sisi tunao?" aliniuliza mmoja juzi.

Nikamwambia tunao. Nikamwambia nimezaliwa Ukerewe.